Birika la Pugu

Kufikia saa tatu asubuhi Sajenti Anselmi alikuwa amewahoji abiria wote wa ile safari ya Pugu, na alikuwa amejipatia maarifa mazito yafuatayo: kwamba hewa ya milimani ni safi, kwamba watoto wawili walitapika njiani, na kwamba Pugu ina vilima. Serikali ya Malkia ilikuwa imewahi kumfunga mtu kwa ushahidi mwembamba kuliko huo, lakini si mara nyingi, na si mbele ya hakimu aliyekwisha kupata kifungua kinywa.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jana yake familia kadhaa za Kihindu za Mtaa wa Swahili, Kariakoo, zilifunga maduka, zikakodi basi, zikaenda kutembea Pugu kutwa. Jioni waliporudi, Bibi Jashoda, mke wa Vasant muuza vitambaa, alifungua sanduku lake akakuta mkufu wake wa harusi hauko. Mlango haukuvunjwa. Kufuli lake halikuwa na hata mkwaruzo. Ufunguo wa kufuli hilo ulishinda ndani ya kikapu, kikapu kikashinda ndani ya basi, na basi liliondoka pale Pugu kabla ya adhuhuri likarudi alasiri, likiwa na mtu mmoja tu: dereva wake, Mwinyimvua.

Hata kuku angeona njia hiyo inaelekea wapi, na Inspekta McKellar alikuwa amekwisha kuiona. Mwinyimvua alilala mahabusu. Saa nane mchana angepandishwa kizimbani.

Anselmi alimwendea tena.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo unaniamkia? Jana uliniambia 'panda gari.'"

"Jana ilikuwa kazi. Nieleze tena. Ulilipeleka wapi basi?"

"Mtoni. Rejeta ilikuwa inachemka."

"Halafu?"

"Nikatia maji."

"Kutia maji ndiyo kutwa?"

"Nikalala."

"Wapi?"

"Chini ya basi. Juu yake kuna jua."

"Nani alikuona?"

Mwinyimvua alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa shati kinyume. "Bwana Sajenti, mtu akilala vizuri hajui nani anamwona. Akijua, hajalala."

Anselmi alifunga kitabu chake cha maelezo. Jibu lilikuwa la kweli kabisa na halikumsaidia mtu yeyote.

"Wakinitia hatiani," mzee alisema, na safari hii hakuwa na mzaha, "leseni inakwenda. Nimeendesha malori ya vita mpaka Uhabeshi, sikupoteza hata spana. Leo niambiwe mwizi wa mikufu, na nani atanipa tena gari? Mimi sijui kulima. Sijui kuvua. Najua usukani."

"Nisaidie basi, mzee. Nipe mtu mmoja tu aliyekuona."

"Kulikuwa na kenge," alisema Mwinyimvua.

*

Anselmi aliporudi ofisini alikuta shahidi amekuja mwenyewe kwa miguu yake, jambo ambalo katika kituo kile lilitokea mara chache kama theluji. Alikuwa Anaeli, mwenye duka la vifaa lililopakana ukuta kwa ukuta na nyumba ya Vasant: misumari, makarai, sufuria, kufuli. Anaeli alikuwa mtu wa Machame, Anselmi mtu wa Kibosho, na kila mikungu ya ndizi za nyumbani ilipofika kwa lori, kichane cha kwanza kilipelekwa kwa Sajenti. Walisalimiana Kichaga, kwa urefu unaostahili, huku Inspekta McKellar akigonga meza kwa kiko chake.

"Niliona jambo jana, ndugu yangu," Anaeli alianza. "Nikajiambia, Anaeli, nyamaza. Lakini dhamiri haina kufuli."

"Sema ulichokiona."

"Nilidandia lori la mkaa kwenda Pugu kutazama mbao. Karibu na adhuhuri tukapita pale walipokuwa majirani zangu. Wamekaa majanini, wamezunguka moto, birika liko juu linatoa mvuke. Bhai Vasant mwenyewe anapuliza kuni. Nikataka kushuka niwaamkie, lakini mwenye lori ana haraka. Basi lao halikuwapo. Sasa wakati wa kurudi, tumefika Buguruni, nikaliona. Linatoka huku mjini, linakwenda kule. Ndani dereva peke yake."

"Una hakika ni lilelile?"

"La buluu, taa moja imepasuka. Liko hapo uani kwenu, katazame."

"Utatia sahihi?"

"Hata mbele ya askofu."

Alitia sahihi, akaaga, akaenda zake. Inspekta McKellar aliegemea kiti chake. Alikuwa Mskoti mrefu mwenye masharubu ya rangi ya matofali, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri ila hakikuwa na haraka.

"Birika," alisema. "Umesikia, Sajenti? Mwongo angesema, 'Niliwaona wamekaa.' Huyu amesema birika. Mtu anayetaja birika ni mtu aliyekuwapo."

"Ndiyo, bwana."

"Kwetu Uskoti, kila kiangazi, watu wa kanisa letu walikodi basi kwenda milimani. Siku moja, asubuhi mpaka jioni. Mvua. Tunapita kondoo, tunapita ziwa, mvua inanyesha juu ya ziwa. Tunashuka, tunaloa, tunautazama ukungu, na mchungaji anatuambia kwamba nyuma ya ukungu ule kuna mlima mzuri sana. Miaka kumi sikuuona mlima huo. Lakini mwishowe, chini ya mwavuli, mtu mmoja anafanikiwa kuwasha moto, na birika linachemka." Alifumba macho. "Bila chai, Sajenti, ile si safari. Ni adhabu."

Anselmi aliitikia kwa kichwa, tena kwa moyo wote. Kibosho mtu akienda kushinda hata kondeni, huwasha moto kwanza ndipo akumbuke kwamba alisahau jembe. Kwa hiyo Mskoti na Mchaga wakawa wamekubaliana jambo, kwa mara ya kwanza tangu Anselmi apandishwe cheo, na kama kawaida ya mambo yanayokubalika kwa urahisi, hakuna aliyeligeuza kulitazama upande wa pili.

"Ninataka saa," Inspekta alisema. "Hati ya mashtaka haisemi 'karibu na adhuhuri.' Nenda Buguruni, utafute mwingine aliyeliona basi. Kisha waulize Wahindi chai waliichemsha saa ngapi. Tukijua saa ya chai, tutajua basi halikuwapo saa ngapi. Upesi!"

*

Buguruni kulikuwa na fundi baiskeli aliyekaa kando ya barabara ya Pugu tangu asubuhi mpaka jioni, shahidi wa kutamanika.

"Jana uliliona basi hapa?"

"Nililiona."

Anselmi akatoa kalamu. "Linatoka mjini?"

"Ee, linatoka mjini."

"La rangi gani?"

"Kijani."

"Si la buluu?"

Fundi alimtazama, akatazama kofia yake, akatazama bakora iliyokuwa kwapani mwake. "Kama Serikali inataka la buluu," alisema kwa adabu, "basi lilikuwa la buluu."

Anselmi alirudi mjini jua likimchoma kisogoni. Ilimbidi apite sokoni, na sokoni habari zilikuwa zimefika kabla yake. Makuli waliokuwa wamekaa juu ya magunia ya nazi walimwona kwa mbali.

"Afande! Mkufu umeonekana?"

"Umeonekana!" mwingine akajibu kwa niaba yake. "Uko shingoni kwa mke wake!"

"Hana mke huyo, ana kitabu!"

Aliwapita kwa mwendo wa heshima. Saa ya sokoni ilikuwa imekwisha kuvuka sita, na alichokuwa nacho kitabuni ni kenge mmoja na basi la kijani.

Nyumbani kwa Vasant alipokewa barazani na Bibi Indumati, mama yake Vasant, kizee mwembamba mwenye sari nyeupe. Alizaliwa Unguja, na kila alipofungua kinywa Anselmi alijiona mgeni katika lugha ya Kiswahili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umerejea kutuuliza tena tulikula nini?"

"Hapana, mama. Leo nauliza saa tu, nikiipata naondoka." Vasant na Jashoda walikuwa wametoka ndani, Jashoda macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia. Anselmi alifungua kitabu. "Jana, kule Pugu, chai mliichemsha saa ngapi?"

Jashoda alimtazama mumewe. Vasant alimtazama mama yake.

"Chai gani?" Jashoda aliuliza.

"Chai ya mchana. Mlipowasha moto."

"Moto!" Kizee aliweka kiganja kifuani. "Nani kawasha moto? Vasant, wewe uliwasha moto?"

"Mimi? Mama, ningewezaje?"

"Jana?" Jashoda alisema, kama mtu aliyeulizwa kama alimla paka. "Jana ilikuwa Satam!"

Anselmi alisimama na kalamu hewani. Bibi Indumati alimshika mkono wa shati, akamwongoza mpaka jikoni, akamwonyesha jiko la udongo. Leo lilikuwa na makaa, lakini mdomoni mwake bado palionekana alama ya unga mwekundu wa ibada, na kando yake mche mdogo wa pamba ukinyauka ndani ya kikombe.

"Siku ile, mwanangu, jiko halitiwi moto tangu alfajiri mpaka alfajiri," alisema. "Ni siku ya Mama Shitala, mungu wetu mwenye ndui. Usiku huja akajilaza jikoni, apoe. Akikuta jivu la moto, ataungua, na akiungua, watoto wa nyumba hiyo watapatwa. Kwa hiyo tunapika siku ya kabla, tunalizima, tunalisafisha, na kutwa tunakula baridi. Ndiyo maana tukaenda kutembea! Utakaa nyumbani kufanya nini, na jiko limelala?"

"Hakuna hata mmoja wenu aliyewasha moto? Hata wa kuni, hata kule porini?"

"Hata kiberiti cha sigara," Vasant alisema. "Na mimi navuta."

"Mbona hamkuniambia?"

"Uliniuliza tulikula nini," kizee alisema. "Nikakwambia mkate wa uwatu na mtindi. Ukaandika. Ukaniuliza tena, ukaandika tena. Hukuniuliza tulipika lini."

"Na mimi nilikueleza kichwa kiliniuma kutwa nzima," Vasant aliongeza.

"Nilidhani ni kwa huzuni ya mkufu!"

"Huzuni ilikuja jioni. Tangu asubuhi ilikuwa ni kukosa chai."

Anselmi alikaa juu ya kigoda bila kukaribishwa. Mbele ya macho yake birika la Anaeli lilikuwa bado linatoa mvuke, na Bhai Vasant anapuliza kuni. Hapakuwa na birika. Hapakuwa na kuni. Na mtu aliyekuwa ameviona vitu hivyo viwili vizuri namna ile hakuwa na macho makali kuliko watu wengine. Hakuwa ameshuhudia chochote. Alikaa mahali akafikiri: watu wakienda milimani hufanya nini? Akajijibu kama ambavyo Anselmi mwenyewe angejijibu.

"Jirani yenu Anaeli," alisema polepole. "Hajui habari za siku hii?"

"Kila Diwali tunampelekea peremende," Jashoda alisema. "Anapokea mlangoni. Jikoni ataingiaje, mtu baki?"

"Na hili kufuli la mlango, mlilinunua wapi?"

"Kwake. Ni jirani, tungekwenda wapi?"

"Liliuzwa na funguo ngapi?"

"Mmoja," Vasant alisema. "Alituambia wa pili ulipotea melini."

Anselmi aliinuka ghafla, kigoda kikaanguka.

"Hutaki chai?" Bibi Indumati alimwita. "Leo ipo!"

*

Dukani kwa Anaeli alikwenda na Konstebo Augustino, kijana mnene aliyependa kufuata amri kwa sababu zilimwepusha na kufikiri. Anaeli alikuwa akipima misumari.

"Karibu, ndugu yangu! Yule mwizi amekiri?"

"Bado. Nipe kufuli kama lile la jirani yako Vasant."

Anaeli alisita kidogo tu, akalitoa rafuni. Lilikuwa limefungwa kwa waya mwembamba, na kwenye waya huo zilining'inia funguo mbili. Anselmi alizitazama, akaziacha zilale mezani.

"Hebu nieleze tena ule moto."

"Ule wa Pugu? Mkubwa! Kuni kavu. Moshi mpaka barabarani."

"Na birika?"

"La bati. Kifuniko kinacheza kwa mvuke."

"Wangekupa chai, ungeshuka?"

"Ningewakatalia vipi, majirani zangu wale!"

"Wasingekupa, Anaeli. Siku kama ya jana kwao hakuwashwi moto. Ni mwiko, kutwa nzima. Wamekula mkate wa baridi wote, mpaka Vasant kichwa kikampasuka."

Nje, mwenye mkokoteni alikuwa akimtukana punda.

"Labda," Anaeli alisema, "walikuwa Wahindi wengine."

"Bhai Vasant ulimtaja kwa jina. Anapuliza."

"Moshi ulikuwa mwingi."

"Hapakuwa na moshi. Hukwenda Pugu. Duka lako lilifungwa jana, na wewe ulikuwa humu ndani, ukuta mmoja tu na nyumba isiyo na mtu. Augustino! Anza na rafu za juu."

Walipekua sufuria zote, moja ndani ya nyingine kama vifaranga. Walipekua makarai. Walipekua chini ya kitanda cha nyuma, wakapata viatu vitatu visivyokuwa pacha. Jasho liliwatoka, saa ilikwenda, na Anaeli alikuwa ameanza tena kutabasamu, tabasamu dogo lililomkera Anselmi kuliko kosa lenyewe. Alilifuata tabasamu lile kwa macho. Kila Augustino alipoelekea nyuma ya duka, lilikua. Kila alipokaribia mezani, lilififia.

Mezani palikuwa na pipa la misumari.

"Augustino. Tia mkono humo."

"Humu, afande? Misumari hii?"

"Mpaka chini."

Augustino alitia mkono, akalia kwa sauti isiyofaa mtumishi wa Malkia, akautoa ukitoka damu, akautia tena kwa kuwa ilikuwa amri. Safari ya pili aliutoa na kitu cha njano kimemnasa vidoleni, kikimeta kati ya misumari.

"Kila sikukuu anapita hapa nao shingoni," Anaeli alisema. Hakumtazama mtu. "Mbele ya mlango wangu. Kila sikukuu." Kisha akageukia Kichaga, kwa sauti ya chini: kwamba wao ni wa mlima mmoja, na mahabusu tayari kuna mtu.

"Mlima ni mkubwa, Anaeli," Anselmi alimjibu kwa Kiswahili, ili Augustino asikie. "Funga duka, twende."

Na mtu yule, katika duka lenye kufuli mia, alihangaika muda mrefu asione hata moja la kufungia.

*

"Hawakunywa chai?" Inspekta McKellar aliuliza kwa mara ya tatu. "Kutwa? Milimani?"

"Hawakunywa, bwana."

Inspekta alikaa kitako. Kwa kitambo alionekana kuwahurumia Wahindi wa Mtaa wa Swahili kuliko watu wote aliopata kuwatawala. Kisha akachukua hati ya mashtaka, akafuta jina, akaandika jingine, na saa nane Anaeli akapanda mahali palipokuwa pameandaliwa kwa ajili ya Mwinyimvua.

"Mwambie dereva," Inspekta alisema, "Serikali imefurahi."

Mwinyimvua aliambiwa hivyo. Aliomba ufunguo wa basi. Alilizunguka basi mara moja, akapapasa magurudumu, akapanda, akajaribu kuwasha. Kimya. Akabonyeza honi. Kimya.

"Nani alikuwa akichezea honi hapa usiku?"

Makonstebo wote walitazama mawingu.

"Betri imekufa," mzee alisema. "Sukumeni."

Anselmi alivua kofia. Wakasukuma, yeye na Augustino mwenye mkono wa bandeji na wengine watatu, mpaka nje ya lango, mpaka Mtaa wa Msimbazi, jua likiwa kali na basi likiwa zito kama dhambi. Walipofika sokoni makuli waliinuka wote juu ya magunia.

"Jamani! Tazameni! Mwizi anasukumwa na polisi!"

Basi likasimama ghafla. Anselmi aligonga paji la uso kwenye bati. Mwinyimvua alitoa kichwa dirishani.

"Wamesema nini wale?"

"Maneno ya sokoni tu, mzee. Ondoa breki."

"Wamesema mwizi. Na wewe umewajibu nini?"

Anselmi alitazama huku na huku. Soko zima lilikuwa limenyamaza, hata wauza samaki. Alijifuta jasho, akanyoosha mgongo.

"Mzee huyu hakuiba!" alipaza sauti. "Aliyeiba tumemkamata. Huyu hana kosa!"

Mwinyimvua aliyatafakari maneno hayo, mguu ungali kwenye breki.

"Upande ule wa nazi," alisema, "hawakusikia."

Sajenti Anselmi alizunguka mpaka upande wa nazi, akasema tena yote, kwa nguvu zaidi, kofia mkononi. Aliporudi nyuma ya basi, breki ilikuwa imelegezwa.

"Haya," sauti ikatoka dirishani. "Sukumeni."